Mikato Mitatu

Ijumaa, saa moja ya asubuhi, Nizwa.
Mbuzi washanadiwa, wanaume wanaelekea lango la mashariki,
bunduki begani kama waliobeba mikungu ya ndizi.
Yangu nimeifunga kwenye khanga,
jina la khanga nimelipindua kwa ndani,
maana lilikuwa la matusi.

Khuwaitar aliifungua bila kunijulia hali.
Akamulika mtutu kwa tochi ya simu, akacheka.
"Nyigu wamejenga humu, bibi.
Udongo wao ni cheti. Haijapigwa
tangu wewe una meno yote.
Usiuchokoe.
Lakini nani kaisugua fedha hii?"

Nikanyamaza.
Miaka thelathini, kila mkesha wa Idi,
majivu na limau, limau na majivu,
mpaka pete zake zikawaka kama vikuku vya biharusi.
Nikidhani natunza.
"Uchafu ndio bei," akasema.
"Umesugua riali mia mbili
ukazimwaga na maji ya ndoo."

Muhenna, kaka yangu, hataki kusikia bei.
Kanunua risasi tano kwa mtu wa Bahla,
riali nne kila moja, zimeota kijani.
"Bunduki isiyolia ni mchi wa kutwangia," anasema.
"Siku ya harusi ya Ghassan italia mara tatu,
mtaa mzima Birkat al-Mouz ujue sisi wana wa nani."
Na mtutu ukipasuka, Muhenna?
Na jicho la kijana?
"Baba alikuwa akiipiga."
Baba hakuipiga, Muhenna. Ulikuwa mdogo.

Kidole cha Khuwaitar kikafika kwenye kitako,
kikapapasa mikato mitatu iliyochongwa ubavuni.
Sauti akaishusha.
"Watatu?"
Wenzake wawili wakasogea.
"Niandikie karatasi, bibi. Majina, bonde, mwaka wa vita.
Yupo mtu wa Dubai, haulizi sana.
Naongeza mia mbili."

Mia mbili zile zile za limau.
Mdomo wangu ulikuwa wazi. Nilishampata wa kwanza,
nimempa na ndevu.

Lakini mkato wa kwanza ni nauli ya Unguja.
Baba aliiweka rehani Matrah kwa muuza nguo,
akarudi baada ya miaka saba, kumzika mama yake,
akaikomboa kwa pesa ya karafuu, akaondoka nayo.
Wa pili ni mahari ya mama.
Wa tatu ni mwaka tuliohamia huku,
mimi sijui Kiarabu ila cha kwenye sala,
nyumba haina kitu, sakafu ya saruji, baridi ya Januari,
akaiweka kwa muuza magodoro
ili watoto walalie kitu.
Hakukata siku ya kuiweka.
Alikata siku ya kuikomboa,
kwa kisu cha jikoni, ulimi nje kama mtoto anayeandika.

Nikafunga mdomo.
"Hakuua mtu," nikasema. "Na siuzi.
Nipe juu yake mia sita, miezi minane."
Khuwaitar alinitazama kama nimemletea mbuzi mwenye mimba
nikamwambia nauza maziwa tu.
Kisha akahesabu.

Basi ukumbi ukalipwa, na mchele, na mbuzi wanne.
Ngoma zikapigwa, vijana wa jirani wakafyatua za kwao hewani,
moshi ukaingia kwenye halua.
Muhenna alisimama mlangoni mikono mitupu,
risasi tano mfukoni mwa kanzu
zikigongana kama funguo za nyumba iliyouzwa.
Hakusema nami mpaka siku ya tatu,
alipokuja kuomba chai.

Huu mwezi wa tano. Nimebakisha mia mbili na kumi.
Kisu kipo kwenye droo ya vijiko.
Nimewakataza kukimenyea viazi.