Isizidi Machozi

Mto Nyando ulipopanda vitanda vya watu Ahero
mtihani wangu ulikuwa umebakiza siku tisa.
Nilikuja na madaftari yangu kwenye mfuko wa nailoni,
kurasa sitini zilizopigwa mstari wa njano:
vitamini ziyeyukazo katika mafuta, A, D, E na K,
vitamini ziyeyukazo majini,
nami nikawaza, majini, kila kitu sasa ki majini,
magunia ya mpunga, choo cha shule, kuku na kiota chake.

Bi. Apondi, mfamasia, hakuniuliza nimesoma nini.
Alinipa chupa ya rangi ya kucha, nyekundu.
"Paka shingo za potasiamu. Zote, Khasandi.
Kichupa hiki na kile cha maji ya sindano
ni pacha, hasa usiku wa manane, macho yamechoka.
Mmoja huchanganya dawa.
Mwenzake akisukumwa mshipani bila kuzimuliwa
husimamisha moyo hata sindano hujaichomoa."
Nikapaka. Kumi na mbili.
Vidole vyangu vikanuka saluni.

Kisha toroli la dharura: adrenalini, atropini,
haidrokotisoni, glukosi ya asilimia hamsini.
Darasani nilizikariri kama majina ya binamu.
Hapa kila moja ina tarehe ya kufa kwake,
na droo ya tatu hukwama, huvutwa kwa goti.
"Dharura haingoji droo," akasema,
akachukua kipande cha mshumaa, akapaka reli.

Usiku wa pili wakaja, wengine wamebebwa kwa milango.
Saa tisa dripu zikaisha.
"Anayeweza kumeza anywe," akasema daktari wa zamu,
lakini pakiti za kunywesha zilikuwa Kisumu,
ng'ambo ya daraja lililozama.
Bi. Apondi akanigeukia. "Mtoto wa Malava,
sukari mnaijua nyinyi."

Tunaijua. Baba amekata miwa miaka ishirini,
na kiwanda kikichelewa kulipa
chai yetu tuliinywa chungu, tukitazama shamba.
Vijiko sita, vilivyosawazishwa kwa kisu.
Chumvi, nusu kijiko.
Lita moja ya maji yaliyochemka, yakapoa.
Ukurasa wa arubaini na moja, sikuhitaji kuufungua:
chumvi huona haya kupita peke yake mlango wa utumbo;
sukari huishika mkono, zikaingia pamoja,
na maji yakafuata, kama watoto nyuma ya harusi.

"Onja," akasema Bi. Apondi. "Isizidi machozi."

Nikaonja, nikasita.
Nina miaka ishirini na mitatu, nina alama nzuri,
na sikukumbuka machozi yana chumvi kiasi gani.

Mwanamke mmoja sakafuni, mwanawe mapajani,
(ngozi ya tumbo la mtoto ukiifinya ilikaa vile vile)
akanyoosha mkono, akachukua kijiko.
Akaonja polepole, kama anayenunua mchele.
"Ongeza maji kidogo."
Hakueleza. Sikumwuliza.

Kijiko kila dakika. Akitapika, ngoja dakika kumi, anza tena.
Niliwahesabia wote, lakini vya Obura nilivihesabu kwa sauti,
mia moja na arubaini na kitu, nikapotea, nikaanza upya.
Jogoo wa juu ya bati aliwika, na Obura akalia.
Bi. Apondi alikuja mbio, kiatu kimoja mguuni,
si kumbembeleza: kumtazama shavu.
Lilikuwa limelowa.
"Haya," akasema, akaenda kukitafuta kiatu.

Nikamwandikia zinki, siku kumi na nne,
nikamwambia mama yake asikome hata kuhara kukikoma.
Kisha nikahesabu nyekundu.
Kumi na moja.
Nikahesabu tena, nikapapasa chini ya friji, ndani ya taka,
moyo wangu wenyewe ukinisukuma bila kuzimuliwa.
Ya kumi na mbili ilikuwa daftarini:
kitanda cha sita, ndani ya lita nzima, saa nane, polepole,
saini ya Bi. Apondi, wino umechuruzika.

Nikaketi juu ya katoni.
Zimebaki siku saba.