Ufito wa Nyuma ya Ngazi

Konde, dukani kwa Faki, nimeshika mkononi
Ufito, bei ni laki, nusu sina mfukoni;
Wang'ara kama mkuki, wakunjuka toka ndani.
Nikauliza: "Samaki, bei husoma majini?"

Akacheka, akashika mwingine nyuma ya ngazi,
Futi kumi, umechoka, pete imefungwa uzi;
Nikaupinda kwa shaka, ukarudi bila kazi.
Arubaini kashuka, na chubwi kama hirizi.

Leo nipo Vumawimbi, chubwi limeruka mbali;
Sina kubwa langu ombi, kitoweo tu cha wali.
Juzi ulijaa vumbi, ncha yagonga kama swali:
Ni samaki, ama wimbi? Uzi wa pete, himili!