Mguu Juu ya Bei

Asubuhi nzima namkata Bi Mize.
Si yeye, picha yake: nafuata ukingo
wa mtandio, wa kiwiko, wa kamba ya mwani
inayoning'inia mkononi,
polepole, kama achambuaye dagaa
mchanga usibaki.
Bahari naifuta. Mawingu nayafuta.
Bwana Mradi aliyesimama kando, faili kwapani,
naye namfuta. Vidole vyake vinne
vimebaki begani mwa Bi Mize;
naving'oa kimoja kimoja, sina haraka.

Hapa Wete umeme hukatika bila ya hodi.
Kila dakika tano nahifadhi kazi,
ila nikinogewa.
Marehemu Masoud Kai, aliyenifunza,
alikata kwa wembe, akabandika kwa uji wa muhogo.
"Picha ni mgeni," akisema. "Mkaribishe,
ila usimkalishe juu ya mwenye nyumba."
Nilimsikia. Sikumsikiliza.

Taarifa ya mwaka ya kikundi, kurasa nane.
Ukurasa wa tatu, hotuba ya mgeni rasmi:
safu mbili, herufi ndogo,
imeshindiliwa kama gunia la karafuu kwa goti.
Nikambeba Bi Mize, nikamtua katikati,
tabaka la juu kabisa,
toka kichwa cha habari hadi nambari ya ukurasa.
Tumbo lake likameza "uwezeshaji".
Kamba ya mwani ikapita juu ya "wadau".
Mguu wa kulia, na tope lake,
ukakanyaga mstari wa mwisho.
Nikacheka peke yangu. Nikaona nimemtendea haki.

Alasiri akaja mwenyewe,
vidole vimechubuka kwa chumvi,
akasimama nyuma ya kiti changu, akajitazama.
"Mbona nimesimama juu ya hewa?
Maji yangu umeyapeleka wapi?
Na kivuli, hata kivuli hukunipa,
jua lote lile?"
Kisha akainama, pua karibu na kioo:
"Hapa chini ya mguu pameandikwa nini?"

Nikamsogeza. Nikamsomea.
Bei. Bei ya kilo moja, mwani mkavu,
waliyoahidiwa mbele ya watu, kwa kipaza sauti.

Feni ikazunguka mara nyingi.
"Mwanangu, kwenye kanga pindo lina pahala pake,
mji una pahala pake, na jina haliguswi na ua.
Alikunjaye ni mvaaji, akitaka mwenyewe.
Hayo mengine yafunike, hata kwa makalio yangu.
Bei niachie nje.
Nnataka siku nikienda kudai
niwaoneshe kwa kidole."

Nikampunguza. Nikamsukuma pambizoni.
Maneno yakajipanga upya kuufuata mgongo wake,
yakavunjika vibaya, "wa" juu, "dau" chini,
nikayaacha hivyo.
Kivuli nikampa, chembamba, wino wa kuhesabia,
kikaanguka kushoto, kikalala
juu ya mstari wa mwisho,
na ndani yake tarakimu zinasomeka.

Akazihesabu sifuri kwa ukucha.
"Chapa," akasema,
na umeme ukakatika.
Sikumbuki kama nilihifadhi.
Yeye hakuondoka. Gizani
ukucha wake bado u juu ya kioo,
pale pale bei ilipokuwa.