Sahani ya Bi Mwanashehe

Desemba ishirini na nne, Kambi ya Nne,
barabara ya Pangani. Korona imezimwa saa sita
lakini harufu ya mkonge uliosagwa bado imelalia mapaa,
chachu, kama pombe iliyosahauliwa mtungini.

Kule Usangi saa hizi mama anachagua mbuzi.
Wadogo zangu wameshafika, wa Dar na wa Arusha,
wamejaza ua kwa magari ya kuazima.
Amepiga simu: "Niwaeli, kitanda chako nimekitandika."
Nikasema mtandao mbovu, mama, sikusikii.
Nilimsikia.

Watoto wa kambi waliniuliza siku ya kwanza:
"Mmisionari gani wewe? Mzungu si mzungu,
gari huna, hata pipi huna."
Nilikuwa na Biblia, godoro la inchi nne
na barua ya dayosisi, mhuri wake
umechujuka kwa mvua ya Segera.

Kanisa letu ni nguzo kumi na mbili na mabati.
(Kumi na mbili haina maana yoyote. Ndizo zilizopatikana.)
Waumini tisa, wakija wote.
Hawaji wote.

Mti wa Krismasi ni mlingoti wa mkonge,
tumeubandika sufi mahali pa theluji
ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuishika.
Mzee Ntahondi kanisaidia kuusimika
kwa mkono wenye vidole vitatu; viwili
vilibaki korona mwaka wa sabini na nane.
"Mkonge huchanua mara moja," akasema, "halafu basi."
Watu husema Tanga waja leo, waondoka leo.
Yeye alikuja kwa treni kutoka Kasulu,
mkataba wa miezi tisa.
Nikamwuliza usiku angependa wimbo gani.
"Wowote, uwe mfupi. Miguu."

Ila kuna sahani.
Ya bati, maua mekundu ukingoni,
chini pamekwaruzwa jina kwa msumari.
Ilikuja siku ya Idi na mkate wa kumimina, bado wa moto.
Tangu hapo iko rafuni kwangu, imeoshwa, imefunikwa,
kwa kuwa sahani ya jirani hairudi tupu
na posho ya mwinjilisti huja ikipenda.
Nimehubiri mara mbili kwamba ni heri kutoa kuliko kupokea,
kisha nikarudi nyumbani kwa njia ya nyuma ya vyoo
ili Bi Mwanashehe, pale barazani, asinione.

Saa kumi konda wa basi kanishushia boksi.
Ndizi za mama, nusu zimepondeka.
Magimbi. Parachichi lililogeuka uji.
Na pakiti ya chumvi, kana kwamba huku pwani
bahari ni ya maji ya mto.

Nikapika ndizi kwa nazi. Nikavuka uwanja.
"Kumbe ipo!" akasema. "Nami nadhani umeivunja,
waona haya."
"Sikuwa na cha kutia, bibi."
Akaonja kwa vidole, akatafuna taratibu.
"Ungekuja nayo tupu. Ningepata wa kuongea naye.
Toka Idi nawaona wapita huko chooni
nikajua una tumbo."

Akaingia ndani. Nikasikia mfuniko wa sufuria.

Usiku tulikuwa sita, na mjukuu wake
aliyekuja kushika taa, akabaki.
Mahubiri yangu, kurasa nne, hayakutoka mfukoni.
Tuliimba wimbo mmoja, mfupi.
Mzee Ntahondi alikula vitumbua vitatu
akafunga cha nne katika leso, hakusema cha nani.

Nikampigia mama, nikamwambia chumvi imefika.
Akanyamaza kidogo. "Mtandao leo mzuri," akasema.

Sahani iko mezani, kando ya Biblia,
ina mafuta ya vitumbua na chembe mbili za hiliki.
Kesho niirudishe.
Sina cha kutia.
Nitapita njia ya mbele.