Kikohozi

Alikuja usiku wa tatu, mvua
ikipiga turubai kama mtu anayepepeta kunde.
Jagna ndiye aliyesikia kwanza: kitu kinaburuta chuma
juu ya mizizi ya misonobari.
Tukawasha tochi moja, tukaizima upesi.
Tulikuwa tumeona vya kutosha:
mbavu, macho mawili, na pingili saba za mnyororo
zikining'inia shingoni, pale manyoya yalipokwisha.

Kanuni za kambi zilibandikwa mlangoni pa bwalo:
hakuna moto, hakuna kuogelea peke yako, hakuna wanyama.
Tymon alisema kanuni huandikwa kwa ajili ya mchana.
Tukamficha banda la mitumbwi, chini ya ule wa kijani
uliopasuka kabla hatujazaliwa.
Bogna akaukata mkanda wa shingo kwa kisu cha viazi,
polepole, akimsemesha
kama anavyomsemesha mdogo wake akimtoa mwiba.

Chakula kilisafiri ndani ya mikono ya sweta:
soseji, maganda ya jibini,
yai la kuchemsha lililopondeka mfukoni mwangu.
Uji wa ngano nyeusi aliunusa, akageuza uso
kama mkwe aliyehesabiwa mahari pungufu.
Uji huo kwetu Poland huitwa kasha,
basi naye tukamwita Kasha,
na kwa wiki tatu alikuwa kasha letu kweli,
tumefungia humo kila tulichokuwa nacho.

Sasa niseme nisilowahi kuwaambia.
Siku ya tano nilipewa dakika tatu za simu, ofisini.
Mama akauliza: unakula? unalala? una marafiki?
Nikamwaga mtama wote.
Jina, banda, mtumbwi wa kijani, kidonda.
Nilikuwa na miaka tisa
na nilitaka sauti yake isiondoke kwenye waya.
Mkuu wa kambi, Bwana Wieczorek, alikuwa mezani,
gazeti limemfunika uso.
Nilipoweka simu chini ndipo nilipotambua
kwamba muda wote ule hakufungua ukurasa hata mmoja.

Nikangoja. Chakula cha jioni, kimya. Gwaride la asubuhi, kimya.
Ila kesho yake tulikuta banda limefagiliwa,
na kando ya mlango chupa ya dawa ya vidonda.
Tymon akasema ni Mungu.
Jagna akasema ni mpishi.
Mimi nikatazama viatu vyangu.

Yule mtu alifika Jumapili, kwa pikipiki,
nusu ya mnyororo imezungushwa ngumini.
Tulipangwa mistari, watoto arobaini,
ziwa nyuma yetu limetulia kama maji mtungini.
"Wa rangi ya majivu," alisema. "Ni mali yangu."
Na papo hapo, kutoka bandani, mara moja tu,
Kasha akabweka.

Bogna akakohoa.
Kikohozi kikavu, kibaya, chenye meno.
Tymon akakohoa. Jagna. Kisha hema la pili,
wale tulioapa kwamba hawajui lolote,
kisha wadogo wa hema la kwanza, wanacheka na kukohoa,
hata uwanja mzima ukawa wodi ya wagonjwa wa kifua.
Mpishi, mlangoni, alikohoa ndani ya aproni.
Bwana Wieczorek akangoja hadi kiishe.
"Baridi ya ziwa," alisema. "Mbwa hatuna."
Hakunitazama.
Lakini kwenye suruali yake, kuanzia goti kushuka,
manyoya ya kijivu.

Kasha aliondoka mwisho wa mwezi ndani ya gari la viazi,
kichwa pajani kwa mpishi.
Hakugeuka kutuangalia,
nasi tulilia kama watu waliodhulumiwa shamba.

Jana Jagna amenipigia. Tukutane, anasema, wote wanne,
kabla nywele hazijatuisha.
Najua atakachouliza, huuliza kila mara:
hivi ile dawa aliileta nani?
Nimefunga mkoba. Nimekata tiketi ya treni.
Nimeanza kukohoa.