Muhuri wa Kiazi

Mwenyekiti alihamia Cochabamba mwezi wa pili
na muhuri wa kamati mfukoni.
Mimi niliachiwa ufunguo wa tangi,
spana yenye kutu, na daftari
lililonyeshewa kurasa za mwanzo.

Nikaenda wilayani kuomba bomba la nchi mbili.
Karani hakuinua macho:
"Mama, karatasi bila muhuri ni karatasi."
Saa nne za kurudi kwa miguu, upepo wa milimani ukinichapa.
Nikaingia jikoni, nikakata kiazi katikati,
nikachonga jina letu kwa ncha ya kisu,
herufi kinyumenyume,
kama tunavyosoma nakshi ya shali upande wa nyuma.
Wino niliuchota kwenye sufuria ya kutilia sufu rangi.

Tangu hapo kila risiti ina duara jekundu
linalonukia shamba.

Nemesia: mayai sita.
Mjane Casilda: kibaba cha viazi vikavu.
Hipólito, ndugu wa mume wangu: hakuna.
Miezi minane, hakuna.
Anasema maji ni ya Mungu.
Kweli. Lakini mpira wa valvu ni wa dukani,
na pale Mungu hana daftari la mkopo.

Nilimfungia Jumanne usiku,
mume wangu akinimulikia tochi,
hasemi, ila mwanga unatetemeka.
Damu nzito kuliko maji, wakanambia ukweni.
Maji nayajua uzito wake, nikawajibu.
Nimeyabeba mgongoni miaka kumi na tisa
kutoka mtoni hadi mtungi wenu huo.
Damu hakuna aliyewahi kunitwisha.

Alhamisi akaja Primitiva, mkewe,
na kuku chini ya shali.
Hatukusemezana. Nikagonga muhuri.
Tukapanda wote hadi kwenye valvu,
akaizungusha mwenyewe,
akalaza sikio juu ya chuma baridi.

"Yanakuja."

Kisha, bila kuniangalia:
"Na ile ya juu, inafunguliwaje?"

Mwezi wa sita karani alizipokea risiti zangu.
Akainusa moja. Akainusa tena.
Akagonga muhuri wake juu ya wangu.

Kiazi hakidumu. Wiki ya tatu kinasinyaa,
jina la kamati linajikunja
kama mdomo wa kibogoyo,
nakitupia nguruwe, nachukua kingine.
Mwezi huu kisu anacho Primitiva.
Herufi ya kwanza ameichonga vibaya.
Nimeiacha.