Maneno Mia Tatu

Fomu inataka maneno mia tatu, yasizidi:
"Eleza tatizo la utafiti wako."
Nimekaa jikoni, hapa Carmarthen, mvua inakwaruza dirisha,
miguu yangu imo ndani ya beseni la maji ya chumvi,
na tatizo la utafiti wangu lilikuwa na jina,
lilinuka kondoo,
lilipiga mluzi kila nilipolidunga sindano.

Idwal Beynon. Figo zake zilistaafu kabla yake.
Jumanne, Alhamisi, Jumamosi, kiti cha nne karibu na radieta,
kwa saa nne damu yake ilitoka matembezini
ikazunguka ndani ya mashine, ikarudi.

Jumanne moja akasema: Eluned, basi. Zima.
Daktari akaitwa, karatasi ikaletwa,
akasaini kama mtu anayeuza ng'ombe.
Alhamisi akaja mwenyewe kwa teksi,
akakunja mkono wa shati: Washa.
Beti anatua kesho kutoka Adelaide.
Jumamosi hakusema neno la kutujibu;
alikuwa akiwaita, kwa Kiwelisi cha utotoni,
mbwa waliokufa zamani.
Beti akasimama na koti lake la kiangazi:
Baba alishasema.
Ndiyo. Alishasema. Lini?

Mgonjwa haulizwi uji, husemwa.
Sisi tuliuliza.
Tuliuliza kwa mujibu wa kanuni, mbele ya shahidi,
tukapata majibu mawili na kimya kimoja,
tukachagua lile lenye saini.
Kidole gumba kilichobonyeza ni hiki.
Ndicho sasa kinachoweka nafasi kati ya maneno.

Dokta Non Maddocks, atakayekuwa msimamizi wangu
kamati ya chuo ikiridhia,
alinijibu mwezi jana, kwa upole:
"Ulichonacho ni kisa. Bado si swali."
Nilinuna siku tatu. Niliosha vyombo vilivyokuwa safi.
Siku ya nne, nikisukuma toroli la dawa, nikamwelewa:
miaka yote hii kisa kilikuwa kikiniruhusu
kulia kidogo, kisha nikalala.

Basi nakata.
Nilianza na maneno mia tano na kumi na mawili.
Nimetoa mbwa. Nimetoa koti, radieta, teksi.
Idwal amekuwa "mgonjwa mmoja",
Alhamisi imekuwa "baadaye".
Naandika: ikiwa mtu anataka jambo leo
na kinyume chake kesho kutwa,
ni yupi kati ya hao wawili mwenye haki ya kumwamulia wa tatu,
yule asiyeweza tena kutaka?
Naisoma kwa sauti. Paka anaondoka.

Nina miaka hamsini na mitatu.
Matokeo yangu ya shahada ya kwanza yalipigwa kwa taipureta.
Mdhamini mmoja ameshafariki; wa pili ni mkuu wa wodi,
ameandika barua nzuri, kisha akaniuliza kwenye ngazi:
"Falsafa? Itakusaidia kuupata mshipa?"
Nikacheka. Sikuwa na jibu, na sina hadi sasa.

Saa kumi na moja alfajiri: mia tatu na moja.
Mfumo unakataa, umeniwekea mstari mwekundu.
Natafuta neno moja la kutoa.
Napita, narudi. Kila neno limeshika kazi
kama manesi wa zamu ya usiku,
isipokuwa "heshima", lililokaa tu katikati ya sentensi ya pili
likipendeza.
Nalifuta.

Kwenye sentensi ya mwisho kuna mluzi.
Sijui umeingiaje. Nauacha.

Nabonyeza, kwa kidole kilekile.
Maji ya beseni yamepoa.
Zamu yangu ni saa moja,
na kiti cha nne kina mtu.